Aliyeua Betri ya Baba

Stoo yetu pale Lufingo ilinuka ndizi mbichi, udongo wenye unyevu na tindikali ya betri. Harufu hiyo ya mwisho niliiona kama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Baba alipopelekwa Mbeya kutibiwa mgongo, akaliacha pikapu lake la kubebea ndizi chini ya turubai msimu mzima wa mvua. Kabla hajaondoka alinifundisha mimi, si kaka zangu: fungua waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya, betri iweke juu ya ubao, mahali pakavu, kila mwezi ipelekwe mjini Tukuyu ikachajiwe hata kama haijatumika, maana betri ikilala bila chaji haiamki. "Nakuachia wewe," aliniambia. Nilivimba kichwa wiki nzima, nakiri.

Wiki ya tatu akaja Baba mdogo Ambwene, mdogo wake Baba wa tumbo moja. Alikuwa na kilabu cha pombe chenye runinga, na umeme ulikuwa haujafika. Akaibeba betri mbele yangu. Nilimwambia Baba amekataza, akacheka. Nilimfuata kilabuni mara nne, na kila mara jibu lilikuwa kesho. Mama akaniambia niache kumsumbua, huyo naye ni baba yangu. Kwetu ndivyo ilivyo: ndugu wa baba ni baba, na mtoto habishani na baba. Baba mdogo aliirudisha siku moja kabla ya Baba kurudi, imekauka maji, imeota unga mweupe.

Baba alipojaribu kuwasha, gari lilisema tik, likanyamaza. Kabla sijafungua mdomo, Baba mdogo akasema kwa sauti ya huruma, "Kaka, mtoto ni mtoto. Alisahau." Nilimtazama Mama, Mama alitazama chini. Baba hakunipiga. Alinyoosha mkono nikampa spana, naye akampa kaka yangu. Siku ile niliapa kwamba mtu yule ataimeza kauli yake, na sijawahi kukionea haya kiapo hicho.

Leo nina duka la kuchaji betri mjini Tukuyu. Baba amezeeka, anaishi kwangu. Nimemweleza mara nyingi. Hujibu kwamba mdogo wake hawezi kumdanganya. Mwaka jana Baba mdogo alikwenda Dar kwa mwanawe miezi sita, akaniachia betri ya gari lake. Niliitunza vile vile nilivyofundishwa. Aliporudi nilimpa kiti na chai.

"Ndaga, asante mwanangu. Betri iko wapi?"

"Iko tayari, Baba mdogo. Baba yuko chumba cha nyuma. Mwambie kwanza nani aliua ile ya pikapu, ndipo uichukue."

"Mambo ya zamani hayo."

"Kwako."

Alimaliza chai, akaaga kwa adabu, akavuka barabara na kununua betri mpya. Mzee mzima ameona heri anunue betri kuliko kumwambia kaka yake ukweli. Ile yake nimeiweka dirishani, nimeiandika jina lake kwa rangi nyeupe, na kila mwezi naichaji. Wateja wakiuliza kwa nini haiuzwi, nawaeleza yote tangu mwanzo. Utotoni nilinyamaza kwa sababu yeye ni baba. Sasa nina miaka arobaini, na heshima hiyo imekwisha. Nitaichaji mpaka aje aseme. Na kama Baba atatangulia kabla hajaambiwa, nitaipeleka msibani, niiweke mbele ya watu wote, pale pale atakapokaa mdogo wake.