Nzi Aliyesimama Hewani

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana hata mimi ningecheka kama ungenisimulia wewe. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jioni, jua bado lipo, pale Kamanga nikisubiri pantoni ya kurudi Mwanza.

Mimi ni bibi shamba, na ugonjwa wangu ni nzi. Nitumie picha ya nzi, nitatazama mishipa ya bawa na nywele za mgongoni, nikutajie familia yake. Raha yake huijui!

Siku hiyo kulikuwa na majonzi. Mzee mmoja alikuwa amezama na mtumbwi wake, mwili haujaonekana. Binti yake, Kabula, alikuwa akituonyesha wasafiri picha ya baba yake kwenye simu. "Hata shati tu, dada, ukiliona huko majini sema. Nimzike baba." Nikampa pole, machozi yakinilenga.

Nikaenda kukaa kwenye mawe. Hapo alikuwepo mzee mmoja. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Na juu ya mkono wake, nzi! Mkubwa, wa kijivu, mistari myeusi kifuani. Moyo ulinienda mbio. Nikadhani ni wa ile familia inayoua viwavi, rafiki wa wakulima. Mzee akafungua kinywa aseme kitu, nikamwahi: "Tulia kidogo, mzee, atakimbia." Nikapiga picha ya juu, ya ubavuni, ya usoni. Nzi hakuruka. Niamini, nzi huwa hasubiri hivyo.

"Wako wengi kule kwenye matete," mzee akasema, akinyoosha mkono wa pili.

Nikaikuza picha ya ubavuni. Wale wa viwavi wana kinundu nyuma ya kifua. Huyu hana! Basi ni wa wale wanaozaa funza kwenye mizoga. Halafu nikaona kwamba mkono haupo. Picha zote tatu, nzi kasimama hewani, miguu kaikunja kama aliyekanyaga kitu, nyuma yake mawe matupu. Nikainua macho. Hakuna mtu.

Ndipo uso ukanijia. Si nilikuwa nimetoka kuuona kwenye simu ya Kabula? Sisi watu wa nzi, tukimwona nzi hatumwoni aliyembeba.

Nikakimbia nikipiga kelele, "Kabula! Kwenye matete!" Vijana wakaingia na mtumbwi, wakamkuta. Akazikwa kwao, na watu wakaimba.

Picha ninazo mpaka leo. Wenzangu wa mtandaoni waliikubali familia, wanabishana tu nilimnasaje akiwa hewani bila kuruka. Nimewaacha wabishane.

Ila baada ya mazishi nilimsimulia Kabula, naye akaniuliza kama baba yake alimwachia neno lolote. Mzee alifungua kinywa, mimi nikamwambia atulie. Nawe ukikaa na mtu kando ya ziwa, mtazame usoni kwanza, umwache aseme.