Betri Mpya Kando ya Jiko

Jamani, mama amenipikia betri ya laptop.

Si ile ya zamani, inayozima hata kabla sijamaliza ukurasa.

Ni ile mpya! Niliisaka Nyeri yote nikaikosa, nikaagiza Nairobi, nikachagua ya bei ghali ndiyo idumu. Kwetu stima haijafika, na thesis bado.

Leo nimeiacha mezani nikaenda Chaka. Kurudi, naipata kando ya jiko, imefura, imeyeyuka, imepangwa vizuri pamoja na betri za redio.

"Nilikuwa naipasha moto ipate nguvu," mama akasema. "Si za redio huimba tena?"

Sasa niambieni, unamgombeza aje mama kama huyo?

Akauliza kama aweke na ile ya zamani.

Nikamwambia aweke tu.