Nililipia Likizo ya Wakwe, Dua Ikaenda kwa Wifi

Nakuomba mwenye ukurasa unisitiri, kwa kuwa baadhi ya nitakaowataja wanakufuata. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Msambweni, mke na mama wa watoto wawili. Nafundisha chuoni Mombasa, na kazi hiyo imenizoesha kupima hoja kabla ya kuitamka. Jambo hili nimelipima kwa miezi, na kila nikilipima mizani inaniegemea mimi. Ndiyo maana nimeanza kuishuku mizani yenyewe.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alitunza bustani ya hoteli moja ya Diani hadi alipostaafu. Aliingia kwa geti la nyuma na kutokea hilo hilo. Mama mkwe, ambaye hadi leo analima Mkongani, hakuwahi kuiona ndani. Alisimuliwa maua tu. Basi mwezi wa Agosti, tulipopanga kuwapeleka watoto likizo, nilimwambia mume wangu, "Safari hii twende na mama, na dada yako pia. Gharama zote ni zangu. Nataka mama aingilie geti la mbele." Akanishika mkono.

Lakini kwetu mkaza mwana hamwendei mama mkwe moja kwa moja na jambo la namna hii. Ukimwambia njoo nikugharamie, ni kama unamsimanga kwamba wanawe hawamtunzi. Neno hupitia kwa wifi mkubwa, naye hulifikisha kwa adabu na kumtaja aliyemtuma. Nami, pamoja na usomi wangu wote, nikaifuata mila. Nilimpigia wifi yangu, ambaye nitamwita Mwanamisi ingawa si jina lake. "Niachie mimi, wifi yangu," akasema. "Nitalifikisha vizuri." Alilifikisha vizuri kweli, ila jina langu alilidondosha njiani.

Siku ya safari walikuja kwa gari nililolikodi mimi. Mwanamisi alikuwa na shoga yake, ambaye sikumwalika, naye nikamlipia nisiharibu furaha. Mama alipofika kwenye mlango wa hoteli alivua ndara, akazishika mkononi. Askari akamwambia, "Vaa tu, mama. Shikamoo, karibu sana." Niligeuka pembeni nikajifuta machozi. Hayo yalikuwa machozi ya furaha, na ndiyo ya mwisho ya aina hiyo.

Mezani Mwanamisi alikaa pale anapokaa mwenyeji. "Kuleni jamani, msione haya! Mwenye shughuli si nipo?" Nikadhani anatania. Kisha nikamsikia akimwambia shoga yake, wala hakupunguza sauti, "Huyu naye nimemwambia aje na wanawe. Mishahara ya walimu mwaijua wenyewe." Wakacheka. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa akiutazama wali.

Tulipomaliza kula, mama aliinua mikono. "Ya Rabi, mzidishie binti yangu Mwanamisi, aliyenileta mahali ambapo baba yake hakuweza kunileta." Meza nzima ikaitikia. Nami nikasema Amin, kwa sababu dua ya mama haikatizwi.

Nilimkabili Mwanamisi ukumbini. "Wifi, usininunie," akasema. "Mama angejua ni wewe, chakula kingempita kooni? Angeona haya, asile. Mimi nimekusitiri." Na mume wangu, nilipomlalamikia, alisema, "Yaache, mke wangu. Mama si amefurahi?" Kilichoniudhi zaidi ni kwamba maneno yao hayakuwa uongo mtupu.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita Mwanamisi alinipigia. "Wifi, mwezi wa kumi na mbili twarudi, sivyo? Wenzangu wa maulidi nishawaambia nitawachukua." Ningeweza kumkatalia pale pale. Badala yake nilimjibu kwa sauti ya asali, "Waalike tu, wifi yangu. Usimwache mtu." Kisha nikaweka nafasi za mama, mume wangu, watoto na mimi. Mwanamisi na wageni wake hawana hata kitanda kimoja. Watakapofika mapokezi na mabegi yao, ataniangalia mimi. Nami nitamwambia mbele ya wote, "Lakini wifi, mimi si mgeni wako tu? Mwenye shughuli si wewe?" Sentensi hiyo naisema nikiosha vyombo, naisema nikisahihisha mitihani, na kila nikiisema inazidi utamu.

Kinachonizuia ni mama. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe kuniuliza kama siku ya safari avae dera au buibui. Kabla hajakata akasema, "Mwanangu, tangu Mwanamisi aachwe na mumewe nilikuwa nalala nikimlilia. Watu walimdharau, yeye na viazi vyake vya kuuza barabarani. Sasa naona ameinuka, roho yangu imetulia." Nilimwambia avae dera la bluu.

Hivyo najua kwamba sentensi yangu itamfikia Mwanamisi kwa kumpitia mama, tena kwenye mlango ule ule alipovua ndara. Najiuliza pia: nilitoa kwa ajili ya mama, au nilitoa ili nitajwe? Kama nilitoa kwa ajili ya Mungu, Yeye hakukosea jina. Hoja hiyo naielewa, hata ningeweza kuwafundisha wanafunzi wangu. Ila haijanishibisha. Bado nataka kuuona uso wa Mwanamisi siku ile.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nishaurini nikiwa bado na muda wa kubadilisha zile nafasi. Nimwache afike mapokezi avune alichopanda, au nimlipie tena na kunyamaza? Na nyinyi mtakaosema nisamehe, nawaomba mnifundishe jambo moja zaidi: mama atakapoinua mikono na kumtaja Mwanamisi kwa mara ya pili, hiyo Amin nitaitoa wapi?