Mapigo Matano ya Lweba

Mwalimu Rosette amekuja hapa mara tatu na daftari lake, ati niandike namna mzee anavyopata kazi ya kufanya baada ya kutoka kazini, na hasa ile siku Lweba ilipookolewa. Mwandiko wangu ni wa kuku na mgongo unaniuma. Lakini nikikataa ataandika yeye, na ataandika uongo anaoujua. Basi naandika. Ila sitaandika "mimi". Nitaandika Suzanne, jina langu la ubatizo, maana kwa "mimi" kalamu inakwama.

Suzanne alifagia shule moja ya Baraka miaka ishirini na sita, na ndiye aliyepiga kengele. Watoto waliingia kwa mkono wake, wakatoka kwa mkono wake, hata direkteri alimngojea. Vita vya kwanza vilipofunga shule, akaambiwa, "Mama, sasa upumuzike." Akarudi kwao Lweba, kijiji cha kando ya ziwa.

Kupumzika kulimshinda wiki ya kwanza. Alifagia uwanja wake mpaka mizizi ikaonekana. Akaenda kufagia wa jirani, jirani akanuna, akidhani anaambiwa mchafu.

Halafu akaona janti, lile duara la chuma la gurudumu, la kamio iliyokufa kando ya barabara. Akalitundika kwenye nguzo mbili mbele ya nyumba, akawa analigonga kwa kipande cha chuma: mapigo matano alfajiri, matatu mchana, moja jioni. Wamama wakaloweka mihogo kwa saa zake. Iddy, mvuvi, alikuwa akimtania.

"Mama Suzanne, we iko nashindana na mwazini wetu wa musikiti?"

"Mwazini wako anachelewaka."

Miaka ile ilikuwa mizuri, nisiseme uongo mwingine. Alitembea kijijini kama mtu anayengojewa.

Mwaka wa tisini na tisa, vita vya pili, kapita wetu, mkuu wa kijiji, Casimir, akaja na wazee wawili. "Kuanzia leo hii chuma ni ya hatari tu. Ikilia, batu bote banakimbilia mitumbwi, banavuka mupaka Ubwari, ngambo ya ziwa. Isipolia, balale."

"Na mi nifanye nini?"

"Ukae tu, mama. We umezeeka."

Siku kumi na moja alikaa. Ya kumi na mbili, alfajiri, Georgette wa nyumba ya pili, aliyemwita koko, yaani bibi, akapita na ndoo ya maji. "Koko, bila janti yako tunaamukaka tu muzuri," akasema, akacheka, akaenda zake. Ulikuwa utani.

Suzanne aliingia ndani, akachukua chuma, akapiga matano. Aliyapiga polepole, kwa nafasi, kama zamani. Alijiambia watautambua mkono wake, watajua ni alfajiri tu.

Hakuna aliyeutambua. Pigo la tatu, milango yote ilikuwa wazi. La tano, watu walishafika majini. Angeweza kupiga kelele, "Ni mimi tu, rudini." Mdomo alikuwa nao. Alijifunga kitenge akakimbia nao.

Chérie, binti wa Casimir, alikuwa amejifungua juzi yake. Aliingia ziwani mpaka kifuani, mtoto ndani ya beseni juu ya kichwa. Mtumbwini Suzanne alikaa nyuma yake. Aliiona damu ikimshuka miguuni. Akageuza uso kwenye maji.

Siku tatu Ubwari, kwenye mikeka ya watu, mvua juu. Waliporudi, vile visamaki vya ndagala walivyoanika vilikuwa vimeoza mchangani, milango imevunjwa, mbuzi hakuna.

"Munaona?" Casimir akasema mbele ya wote. "Balikuja kweli. Bila Mama Suzanne tungekufa."

Suzanne alijua kwamba wezi wameona kijiji kitupu, basi. Ni yeye aliyekiacha kitupu. Watu wakamshika mikono, Georgette akalia, akaomba msamaha kwa utani wake. Iddy akaleta mukeke wa kwanza aliovua, mnene, na nyumbani kwake mwenyewe hakukuwa na kitu. Suzanne akaupika, akaula wote. Aibu yenyewe ni hii: ulikuwa mtamu.

Casimir akamrudishia janti, awe mlinzi wa chuma hicho mpaka kufa. Hiyo ndiyo kazi ya uzeeni mnayoisifu. Chérie akampa mtoto jina Suzanne. Sasa ana miaka minne, na tangu mvua ile ya Ubwari kifua chake hakijapona. Usiku namsikia akikohoa, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Nimeandika "namsikia". Basi, iache hivyo.

Wewe unayesoma, Rosette au mwingine: Jumapili, ibada ikiisha, simama mbele uyasome haya kwa sauti, na jina langu. Usiruke ule mukeke. Iddy haingii kanisani, kwake uende nyumbani. Na kabla hujaanza, hakikisha Chérie amepata mahali pa kukaa.