Jani Nililotaka Kulipa Jina la Mama

Kwa miaka mingi niliamini, tena ningeapa mbele ya hakimu, kwamba katika kinamasi cha Muyinga kuna jani lililomeza bata mzima na miguu yake. Halikuwa na jina, walisema watu, kwa sababu kila aliyekwenda kulipa jina lilimmeza kabla hajafungua mdomo.

Mama alilima mpunga ukingoni mwa kinamasi hicho. Kabla hatujarudi Burundi alitulea Tanzania, ambako bibi wa jirani walikuwa na wajukuu wa kike waliobeba majina yao. Yeye alizaa wavulana saba, nasi tukazaa wavulana wa kutosha jeshi. "Nitakufa na jina langu," alisema siku moja akipepeta mchele, wala hakutania.

Hapo nikapata wazo. Nililichota jani lenyewe kwa ndoo, nimejivuta nyuma kama mtu anayechota maji mbele ya mamba. Maua ya njano, nyuzi za kijani, na vifuko vidogo kuliko punje ya ulezi. Bata alipitia wapi? Nikajijibu: alimezwa unyoya mmoja mmoja.

Nikalipeleka Gitega, ninakoishi, ndani ya chupa ya mayonezi, kwa mwalimu wa kike aliyetufundisha biolojia shule ya jioni. Kwetu mtoto hupewa jina kwa karamu, ubunnyano, na watoto wa majirani ndio hula. Basi nikapika sufuria ya maharage ya kulisha mkoa, nikawaita watoto wa mtaa, na mama akaja amevaa kitenge kipya.

"Mi sijaonaka baba wa jani!" jirani yangu alicheka. "Lakini iko inafanana na we. Ona izo nywele!"

Mwalimu aliweka uzi mmoja wa jani chini ya hadubini aliyokuja nayo, tukapokezana kutazama. Zamu ya mama, mdudu wa maji aligusa kinywele, kifuko kikamfyonza ndani. Mama alishtuka, akacheka, akaninong'oneza: "Haya, litaje."

Mwalimu alimsikia.

"Mama, jina linalo tayari, la Kilatini, linalotokana na hivi vifuko. Halimezi bata, hula vidudu tu. Na hata lingekuwa geni, anayeliona kwanza si mzazi wake. Lazima likaushwe, lilinganishwe na mengine yaliyohifadhiwa, tofauti zake ziandikwe na kuchapishwa. Hili haliwezi kuitwa kwa jina lako."