Mpiga Dramu Tuliyemlilia

Ukoo wetu wa hapa Same unasikitika kutangaza kwamba yule mpiga dramu hajafa.

Ndiyo. Yule yule.

Kwa wageni wa ukurasa huu: enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, kaka yangu Elifuraha alikuwa anatafsiri filamu kwenye banda la video hapa mjini. Siku moja wakaweka ya miaka ya sitini, vijana wanne wa bendi wakiigiza maisha yao wenyewe. Mpiga dramu akaanguka mtoni, mara kioo kikawa cheusi. Kaka akasimama mbele yetu, akasema kijana amekufa, kisha akalia kwa kwikwi.

Banda zima tulilia. Msichana mmoja wa kijiji cha Kihurio akampa leso.

Huyo ndiye shemeji yangu. Miaka yote anajisifu kwamba aliolewa na mwanamume mwenye huruma.

Sasa mchana huu binti yao kaipata filamu ile kwenye simu. Tukajazana sebuleni.

Mpiga dramu kaanguka mtoni.

Kaibuka! Kofia kichwani, anacheka! Wakaimba nyimbo nyingine tele, na harusi akafunga!

Jamani, nilishika kichwa.

Shemeji hakupiga kelele. Aligeuka taratibu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Baba Neema, kumbe hakufa?"

Kaka ananyoosha kitambaa cha meza kilichonyooka.

"Nakuuliza wewe. Yale machozi yalikuwa ya nini?"

Nyie mngejibuje? Mimi ningezimia.

Kaka akakohoa.

"Jenereta iliishiwa petroli, Mama Neema. Watu walishaanza kuokota mawe."