Msitu wa Mwoka Mikate

Hebu mtazame kwanza anavyoingia. Anaingia kiubavu, maana mlango wa stoo umebanwa na maboksi ya madaftari, na tumbo lake ni la mtu asiyeuza kitu ambacho hajakionja. Kwapani amebana kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti miaka na miaka. Ukilitikisa linapiga kelele kama kokoto juu ya bati. Mkono wa pili ana mfuko wa mikate, bado ina joto. Nyuma ya sikio umebaki unga. Hapo unga haukosekani. Mkewe husema siku atakayorudi na masikio masafi hatamfungulia mlango mpaka ajitambulishe.

Kazi yake ni kuoka mikate, lakini humo stoo hakuna anayemwita mwoka mikate. Humo anaitwa Msanii, na ukimwita jina hilo utaona mabega yanavyopanda kidogo. Si ajabu. Mtu anakanda unga, anasukuma trei, anabeba magunia, na hakuna hata mmoja anayekula mkate akauliza nani kauoka. Halafu Jumamosi alasiri anapita mlango mmoja mwembamba, na watu wanapiga kelele, "Msanii huyo!" Ungekuwa wewe usingeingia hata kiubavu?

Stoo yenyewe ni ya duka la vifaa vya shule. Mwenye duka wote wanamwita Shangazi, ingawa pale ndani hana mpwa hata mmoja. Yeye ndiye anayewauzia vile vitofali vya plastiki vinavyobanana kimoja juu ya kingine, na yeye ndiye aliyewapa meza wavichezee. Naam, watu wazima. Usicheke; wengine hukusanya stempu, wengine hubishana mpira mpaka mishipa ya shingo inawasimama. Hawa wanajenga. Yupo Mwalimu, mama anayefundisha jiografia, mwenye sauti iliyozoea kufika mpaka dawati la nyuma. Yupo fundi baiskeli wanayemwita Pancha, mtu wa mizaha, ambaye hajawahi kujenga kitu kisicho na magurudumu. Na yupo Msanii wetu.

Jina alilipata kwa miti. Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, Shangazi humwachia dirisha la mbele, na Msanii hujenga msitu ndani ya kioo. Watu husimama. Watoto hubandika pua. Mama mmoja alipita akiwa na haraka zake, akarudi nyuma, akatazama mpaka basi likamwacha. Ile si miti ya kawaida, walisema. Yeye akisifiwa huinamisha kichwa tu na kusema, "Ni mikono, mikono." Alidhani wanasifu maumbo.

Basi, Jumamosi hiyo alikuta mezani boksi jipya, na wenzake wamelizunguka kama madaktari.

"Wakala kaniachia hili la kujaribia," Shangazi alisema. "Jumatatu anataka jibu: niagize, au alichukue lake. Mimi kazi ya kubahatisha sitaki. Nyie ndio mnaojua."

Lilikuwa boksi la roboti la watoto. Vitofali ni vilevile, ila pamoja navyo kuna mota mbili, kijisanduku cheupe kinachoitwa ubongo, na jicho dogo kama donge la sukari. Unajenga unachotaka, kisha kwenye tableti unapanga amri moja chini ya nyingine: ukiona hivi, fanya vile. Ukishamaliza, kitu ulichojenga kinaamka.

Pancha alisoma ubavuni. "Miaka minane hadi kumi na miwili. Jamani, sisi tumezidi kidogo."

"Wewe bado hujafika," Shangazi alimjibu.

Mwalimu alikuwa anafunua kijitabu cha maelekezo huku amekunja uso. "Hofu yangu ni hii hapa. Picha, picha, picha. Mtoto akifuata ukurasa kwa ukurasa, mwisho wake kajenga nini? Kajenga mawazo ya mtu mwingine."

"Lakini kuamrisha anaamrisha mwenyewe," Pancha alisema. "Hebu fikiria, mtoto ambaye kutwa nzima nyumbani anaambiwa kaa, nyamaza, acha, leo na yeye kapata wa kumwamuru."

"Siku mbili, akachoka."

"Siku mbili za ufalme si haba, Mwalimu."

Msanii hakuwasikiliza. Alikuwa ameshika lile jicho, analigeuza huku na huku kwenye mwanga. "Hili linaona rangi?" aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Linaziona kama tunavyoziona sisi?"

Hakuna aliyejua. Na swali hilo likamkaa kichwani, maana yeye ni mtu ambaye kitu kikishamwingia hakimtoki. Akawaomba wajenge mashine ya kuchambua: mkanda unaosogea, jicho juu yake, na mkono wa kusukuma. Kijani kiende trei ya kushoto, kahawia kiende trei ya kulia. "Ikiweza hivyo," alisema, "itanipunguzia kazi. Majani na mashina hunichosha kuyatenganisha."

Walijenga kwa kusukumana viwiko. Mkanda ulikwama, Pancha akaupaka mafuta aliyotoa mfukoni, Mwalimu akamgombeza kwa kupaka mafuta kitu cha plastiki. Amri zikapangwa. Hapo ndipo Shangazi alipoita kutoka mbele. Mzigo wa karatasi umefika na dereva hataki kusubiri. Mwalimu na Pancha wakatoka kusaidia. Msanii, kwa sababu ya mgongo wake wa magunia, wakamwambia abaki.

Akabaki peke yake na mashine. Alifungua kopo lake, akatoa mfuko wa majani aliokuwa ameuchagua mwenyewe nyumbani, kitofali kwa kitofali, kwa ajili ya msitu wa mwaka huu. Kijani kitupu. Akaanza navyo, aone vyote vikienda kushoto.

Cha kwanza kikaenda kushoto. Cha pili kulia. Cha tatu kulia. Halafu kushoto, kulia, kushoto.

"Aa," Msanii alisema. Akanyanyua sauti: "Shangazi! Mrudishie mwenyewe! Jicho bovu!"

"Una hakika?" sauti ya Shangazi ilijibu kutoka kwenye maboksi.

Alitaka kusema ndiyo. Lakini mtu aliyeishi na tanuri ana tabia zake. Alivirudisha vyote, akavichanganya, akavipitisha tena. Mle ndani kulikuwa na kitofali kimoja chenye alama ya jino. Bintiye alikitafuna zamani alipokuwa anaota meno. Kile cha jino kilikwenda kulia. Akakichukua, akakipitisha peke yake. Kulia. Akakigeuza juu chini. Kulia. Akazima mashine, akaiwasha, akaipuliza vumbi. Kulia.

Sasa sikiliza alichokiwaza, maana ni mawazo ya mwoka mikate hasa. Tanuri bovu hubabaika: leo linaunguza huku, kesho kule. Lakini tanuri likiunguza kila siku kona ileile, hilo si bovu. Hilo lina tabia, na wewe ndiye hujaijua. Mashine hii haikubabaika hata kidogo.

Akavitandaza vya kushoto kwenye kiganja kimoja na vya kulia kwenye kingine. Akavisogeza mlangoni penye mwanga. Akafumba jicho moja, akafumba la pili. Kwake vilikuwa vitu vya namna moja.

Akavirudisha kwenye trei zake. Wenzake wakaingia wakihema, na Mwalimu, hata kabla hajakaa, akachungulia mezani.

"Ooh! Umeshachambua. Kijani huku, kahawia huku. Safi kabisa!"

Msanii alizitazama zile trei mbili. Alikaa juu ya boksi la madaftari.

"Sasa ubovu wake uko wapi?" Shangazi aliuliza, akifuta mikono. "Si ulinipigia kelele?"

Hebu mwonee huruma hapo alipo. Akishikilia kwamba jicho ni bovu, boksi litarudi kwa mwenyewe, na yeye ataendelea kuwa Msanii. Akisema ni zima, itabidi aseme na mengine. Akajaribu kupita njia ya kuzunguka.

"Mwalimu. Ule msitu wangu wa mwaka jana. Majani yake yalikuwa rangi gani?"

"Unanipima?" Mwalimu alicheka. "Yalikuwa mchanganyiko, kijani na kahawia. Mti unakauka na kuchipua kwa wakati mmoja, hata shina nalo linachipua. Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha, nikawaambia, huyu katia majira mawili ndani ya mti mmoja. Nani mwingine angewaza hivyo?"

"Mimi nilidhani vitofali vilikuishia," Pancha alisema, "ila niliona aibu kuuliza, maana kila mtu anasifu."

Msanii aliangalia mikono yake. "Mimi niliweka kijani," alisema polepole. "Majani nimeweka kijani, mashina nimeweka kahawia. Miaka yote. Kama miti."

 Pancha alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kutokea. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kitofali kutoka kila trei. "Hiki na hiki?"

"Ni kimoja."

"Acha!"

"Kimoja, Pancha. Labda hicho kimefifia kidogo."

"Na wewe muda wote huu tunakuita..." Pancha alianza, akakanyagwa mguu chini ya meza.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Msanii mwenyewe. Kicheko kilianzia tumboni, kikatikisa boksi alilokalia. Na baada ya kicheko likaja lile ambalo mimi nampendea mtu huyu. Alisimama, akalishusha lile jicho kutoka juu ya mkanda pamoja na waya wake, akasema, "Lete vitu."

Wakageuka watoto. Walipitisha chini ya jicho kila kilichokuwa karibu, na jina la rangi likatokea kwenye tableti. Ganda la mkate: kahawia. "Kuiva kwake nilikuwa nakujua kwa harufu," alisema, "na kwa kugonga mgongo wake. Wenzangu kazini huangalia. Nikadhani wanajionyesha tu." Soksi zake: moja kahawia, moja kijani. Kitambaa cha Shangazi, ambacho miaka yote alidhani ni cha kijivu, kilikuwa waridi. "Waridi!" alirudia, kama mtu aliyeambiwa jirani yake ni ndugu yake.

"Basi nimwambie nini wakala?" Shangazi aliuliza mwisho.

"Agiza. Jicho ni zima. Mimi ndiye mwenye tabia." Akaligeuza lile jicho kiganjani. "Ningekuwa nalo nina miaka minane, ningejua mapema."

"Ungejua," Pancha alisema, na safari hii hakuwa anatania, "na miti yako ingekuwa kama ya watu wote."

Hilo alikwenda nalo nyumbani. Mkewe alikuwa anapiga pasi, na Msanii akamsimulia yote amesimama mlangoni, mfuko mtupu wa mikate bado mkononi. Mke alimsikiliza mpaka mwisho bila kunyanyua uso.

"Mbona hushtuki?" Msanii aliuliza.

"Nishtuke nini, baba watoto? Siku ya kwanza umeniona uliniambia nimependeza na gauni la kijani. Lilikuwa jekundu. Nikasema, huyu ama ananitania, ama ndivyo alivyo. Nikaolewa nijue ni lipi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Ukiacha soksi, nguo zako nani anazipanga? Nilichokuwa sikijui ni kwamba wewe hujui." Akaweka pasi chini, akamtazama sasa. "Na lile gauni mimi nilishalizoea kuwa la kijani. Likinishika shingoni huwa nasema, hili la kijani linataka kupunguzwa."

Jumamosi iliyofuata dirisha lilikuwa tupu, limefutwa. Mezani kulikuwa na trei mbili. Pancha na Mwalimu walikuwa wamelipitisha kopo zima, alilolisahau stoo Jumamosi iliyopita, kwenye mashine, na juu ya kila trei Pancha ameandika kwa kalamu nene: MAJANI, MASHINA.

"Usije ukasema hatukukusaidia," Pancha alisema. "Mara moja tu, jenga ulichokuwa unataka kujenga miaka yote."

"Usimsikilize," Mwalimu akadakia. "Yamwage yote pamoja, uokote kama zamani."

"Kama zamani haiwezekani, Mwalimu," Msanii alisema. "Zamani sikuwa nachanganya. Nikichanganya leo, nimechanganya kwa makusudi. Utakuwa msitu wa mtu mwingine."

"Dirisha ni langu, msitu ni wake," Shangazi alisema. "Mwacheni."

Wakamwacha. Nje, watoto wawili walishabandika pua kwenye kioo, wanasubiri. Msanii alikaa, akajifuta unga mikononi, akanyoosha mkono juu ya zile trei mbili ambazo kwake zilifanana kama mikate ya tanuri moja. Mkono ukasimama hewani.

Wewe ungekuwa umekaa pale karibu naye, ungemwambia nini?